Miguu ya Hakeem Olajuwon

Kazi yangu ni kuwanoa wachezaji wa kati, wale warefu wanaosimama karibu na kikapu, na tangu nianze kazi hii sijapata mfano wa kufundishia unaomshinda Hakeem Olajuwon. Wengi wakimtaja huanza na urefu wake, kisha hutaja mataji mawili ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, aliyoyatwaa na Houston Rockets mwaka 1994 na 1995. Mimi huanza na miguu, kwa sababu anayeifuatilia kwa makini ataelewa karibu kila kitu alichokipata Hakeem katika misimu 18 ya kucheza kwa kulipwa.

Alizaliwa Lagos, Nigeria, tarehe 21 Januari 1963, na utotoni mpira wa kikapu haukuwa mchezo wake. Alikuwa golikipa katika soka na alicheza mpira wa mikono. Kikapu alikianza akiwa kijana tayari, katika umri ambao wenzake wa Marekani walikuwa wamekwisha kucheza kwa miaka. Wapo wanaoona kwamba alichelewa, lakini mimi naona alitangulia. Golikipa hufundishwa kusogea kwa hatua fupi bila kuipishanisha miguu, kumsoma mpigaji kupitia mabega na nyonga, na kutojirusha kabla mpira haujaondoka. Mambo hayo matatu ndiyo yanayonichukua muda mrefu zaidi kumfundisha kijana mrefu aliyekulia kwenye kikapu peke yake, naye Hakeem alifika uwanjani akiwa nayo.

Mwaka 1980 alijiunga na Chuo Kikuu cha Houston chini ya kocha Guy Lewis, akakaa msimu wa kwanza bila kucheza, kisha akaifikisha timu yake katika nusu fainali za taifa za vyuo vikuu miaka mitatu mfululizo. Ubingwa hakuupata. Fainali ya 1983 waliipoteza kwa North Carolina State, 54 kwa 52, kwa danki, yaani mpira uliosukumizwa kikapuni kwa mkono kutoka juu, ya sekunde ya mwisho, ingawa Hakeem ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa hatua hiyo licha ya timu yake kushindwa. Shule nyingine aliipata wakati wa kiangazi katika ukumbi wa Fonde mjini Houston, ambako Moses Malone, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wa kati wakali kuliko wote wa enzi hizo, alikubali kupambana naye. Malone alikuwa na nguvu ambazo kijana yule hakuweza kuzisukuma, na naamini kwamba ni pale alipojua kuwa mtu usiyeweza kumsukuma inakubidi umzunguke.

Timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu mwaka 1984, Rockets walimchagua wa kwanza, mwaka uleule ambao Michael Jordan alichaguliwa wa tatu, na sijawahi kuona sababu ya kuwalaumu.

Chenga iliyompa sifa, ambayo mashabiki waliiita Dream Shake kutokana na jina lake la utani, The Dream, huelezwa kana kwamba ni mtindo mmoja, ilhali ni mlolongo wa maswali. Alipenda kupokea mpira upande wa kushoto wa kikapu akikipa mgongo, na mara nyingi alitua kwa miguu yote miwili kwa wakati mmoja. Jambo hilo dogo lina uzito mkubwa, kwa kuwa anayetua hivyo ana ruhusa ya kuufanya mguu wowote kati ya miwili kuwa mguu wa egemeo, ule unaobaki chini wakati mwingine unazunguka, na mlinzi hawezi kujua atageukia wapi. Kisha bega lilishuka kuelekea katikati. Mlinzi akilifuata, Hakeem aligeukia mstari wa mwisho na kutupa huku akirudi nyuma. Mlinzi akibaki, mpira ulipandishwa hadi usawa wa sikio kama unaotupwa. Na mlinzi akiruka, mguu uliokuwa huru ulipita chini ya mikono yake.

Mwezi Mei 1995, katika fainali ya kanda ya Magharibi, David Robinson wa San Antonio Spurs alikabidhiwa tuzo ya mchezaji bora wa msimu mbele ya mashabiki wake kabla ya mchezo wa pili. Usiku huo Hakeem alifunga pointi 41. Kuna shambulizi moja ambalo huwarudishia wanafunzi wangu polepole: anadunda kuelekea katikati, anageuka, anaupandisha mpira, Robinson anapaa kwa mwili mzima, naye anapenya chini yake na kuuweka mpira kikapuni. Robinson alikuwa mlinzi hodari sana, na kila alichokifanya pale kilikuwa sahihi kwa swali lililotangulia. Rockets, walioanza hatua ya mtoano wakiwa wa sita Magharibi, waliwatoa Spurs kwa michezo 4 kwa 2 kisha wakaifunga Orlando Magic ya Shaquille O'Neal michezo minne bila jibu.

Miguu hiyohiyo ilifanya kazi katika ulinzi. Alizuia mitupo 3,830, rekodi ya NBA ambayo bado haijavunjwa, na aliipora mipira 2,162, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine wa kati aliyeifikia. Msimu wa 1988-89 alizuia 282 na kupora 213. Hakuna mwingine aliyewahi kuvuka 200 katika yote mawili ndani ya msimu mmoja. Na mwaka 1994 alikuwa mchezaji bora wa msimu, mlinzi bora na mchezaji bora wa fainali kwa pamoja, jambo ambalo halijarudiwa.

Nikitakiwa kuchagua tukio moja tu, nitachagua sekunde za mwisho za mchezo wa sita wa fainali ya mwaka huo. New York Knicks walikuwa mbele kwa michezo 3 kwa 2 katika fainali inayochukuliwa na anayeshinda michezo minne, lakini katika mchezo huo walikuwa nyuma kwa pointi mbili, 86 kwa 84, na John Starks, aliyekuwa amefunga pointi 16 katika robo ya nne, alipata mpira nje ya mstari wa pointi tatu. Mtupo huo ungeingia, ubingwa ungekuwa wa Knicks. Hakeem, aliyekuwa akimlinda Patrick Ewing, alimwacha, akasogea mbali na kikapu kwa hatua fupi kama za mtu anayetoka langoni, akangoja mpira uanze kuondoka mkononi, ndipo akaunyoshea mkono na kuugusa kwa ncha za vidole. Haukufika kikapuni, na siku tatu baadaye Houston walishinda mchezo wa saba, 90 kwa 84.