Kiti hiki hakikuwekwa hapa kwa sababu ni adimu

Kila ninapoongoza ziara kwenye makumbusho ya usanifu majengo na ubunifu, hakosi mtu wa kuuliza kama kiti Na. 14 cha fundi samani Michael Thonet, kile cha mbao zilizokunjwa, ni kimoja tu kilichobaki duniani. Nikimjibu kwamba vilitengenezwa kwa mamilioni, uso unamshuka: sasa kimefuata nini humu? Imani hii kwamba kitu huingia makumbusho kwa uadimu wake imenichosha, maana inamfanya mtu atafute bei wakati kitu chenyewe kiko mbele ya macho yake.

Wingi wake ndio uliokileta. Inama ukitazame kwa chini. Kiti cha mwaka 1859: vipande 6 vya mbao, skrubu 10, nati 2. Kilisafirishwa kikiwa kimefunguliwa. Viti 36 viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikaungwa huko vilikofika.

Halafu njoo kwenye ule mkunjo wa mgongo, ambao watu huusifia kama urembo. Hapo huwa sina haraka. Michael Thonet alianza kwa kubandika tabaka nyembamba za mbao kwa gundi, lakini gundi haikuhimili unyevu wa safari za mbali. Ikabidi akunje ufito mzima. Ufito uliolainishwa kwa mvuke ukiukunja hivi hivi, upande wa nje huvutika na nyuzi zake hupasuka, ilhali ule wa ndani hubanwa tu; mbao huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Kwa hiyo alifunga ukanda wa chuma upande wa nje, akavikunja pamoja. Chuma hakirefuki kirahisi, basi mbao nazo hazikupata nafasi ya kuvutika. Zikakaushwa zikiwa kwenye kalibu. Huo mstari unaoupenda umechorwa na nyuzi za mti, gundi mbovu na gharama ya usafiri.

Jiko la Frankfurt, yaani chumba kizima cha kupikia alichokibuni msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky mwaka 1926, nalo limo kwa sababu hiyo hiyo: takriban 10,000 yaliwekwa katika nyumba za kupanga. Lina upana wa mita 1.9 na urefu wa 3.4. Vitabu husifu jinsi lilivyompunguzia mpishi hatua za kutembea. Mimi nina shaka: jiko la kumtosha mtu mmoja humwacha huyo mmoja peke yake na kazi yote, na sioni kwa nini ziara ziliruke hilo.

Shaka yangu nyingine ni juu ya ziara zenyewe. Wepesi wa Na. 14 ni nusu ya maelezo yake, na kukinyanyua ni marufuku. Maneno yangu hayawezi kuziba pengo hilo. Wahifadhi wakikataa kutoa kiti cha asili, wana haki kabisa. Lakini nakala moja mezani, na bisibisi pembeni, wageni wakifungue na kukiunga wenyewe, hiyo sijasikia sababu ya kuikataa.