Ohio State na ugonjwa wa kuipania Michigan

Kila Agosti, kabla vijana wangu hawajavaa helmeti, nawafundisha jambo moja: mtazame kucha mtu aliyeinama mbele yako. Kazi yangu ni kufundisha mstari wa mbele katika timu ya futiboli ya Kimarekani ya sekondari hapa Ohio, wale vijana wanene wasioimbwa na mtu, na kwetu sisi kucha zinasema. Mchezaji akijua anakuja kusukuma ili mwenzake apite na mpira, uzito wote anauegemeza kwenye mkono ulioshika nyasi, na kucha zinakuwa nyeupe. Akijua atarudi nyuma kumlinda mrusha mpira, mkono unalegea, kucha zinabaki na rangi yake. Ukiwahi kuliona hilo, unajua kinachokuja kabla mpira haujaguswa.

Mechi ya Ohio State na Michigan ya Novemba 30, 2024 haikuhitaji kutazama kucha. Hata aliyekaa safu ya juu kabisa jukwaani alijua mpira unapelekwa wapi: katikati, kwenye ukuta, tena na tena.

Kwa asiyezijua timu hizi za vyuo vikuu: Ohio State ipo Columbus, Michigan ipo Ann Arbor, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Walikutana mara ya kwanza mwaka 1897, na tangu 1918 hawajakosa kukutana mwaka hata mmoja ila 2020, korona ilipofuta mechi. Ni watani wa jadi, lakini utani wenyewe una sumu. Columbus wengi hawalitamki jina la Michigan. Husema “ile timu ya kaskazini”. Wiki ya mechi, herufi M kwenye vibao vya chuo hubandikwa utepe mwekundu uliopishana. Nimewahi kusimama mbele ya jengo nikijaribu kusoma jina lake, nikashindwa, nikampigia simu mwenyeji wangu anifuate nje.

Kocha wa Ohio State, Ryan Day, alishinda dabi yake ya kwanza mwaka 2019 kwa 56-27. Kisha akafungwa nne mfululizo, 2021 hadi 2024, huku mechi nyingine karibu zote akishinda. Mitaani wanasema laana. Wengine wanasema kocha ana moyo mdogo. Mimi nimezirudia video hizo mara nyingi kuliko anavyopenda mke wangu, na ninachokiona kina jina zuri tu kwa Kiswahili: kupania.

Ile ya 2021 haikuwa na fumbo. Theluji ilianguka Ann Arbor, Michigan wakakimbia na mpira yadi 297, Hassan Haskins akafunga tachidauni tano peke yake, yaani mara tano aliufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, matokeo 42-27. Walisukumwa, basi. Ila siku hiyo Ohio State walipachikwa jina la timu laini, na jina hilo ndilo lililowaponza kuliko magoli yenyewe.

Mwaka uliofuata wakamleta Jim Knowles kurekebisha ulinzi, naye akaja na dawa kali. Katika dabi aliwasogeza watu mbele kuzuia kukimbiwa, akiwaacha mabeki wa nyuma kila mmoja na mtu wake, bila wa kufagia nyuma yao. Hadi mapumziko Ohio State walikuwa mbele 20-17. Mwisho ukawa 45-23. Tazama urefu wa tachidauni za Michigan: yadi 69, 75, 45, kisha baadaye 75 na 85. Moja tu kati ya sita ilikuwa fupi. Timu inayosukumwa haifungwi hivyo. Hivyo hufungwa timu iliyomwaga watu wote mlango wa mbele kwa sababu mwaka jana iliibiwa hapo, na mmoja akiteleza nyuma hakuna wa kumfukuza mwizi.

Ya 2023 naipita. Ilikuwa 30-24, timu mbili nzuri, Ohio State wana mpira na nafasi ya kushinda, Rod Moore wa Michigan akanyakua pasi zikiwa zimebaki sekunde 25. Najua utaniuliza habari ya yule mtumishi wa Michigan aliyekuwa akituma watu kurekodi ishara za wapinzani. Lilikuwa kosa, na waliadhibiwa. Lakini alishaondoka kabla ya mechi hiyo, na kocha wao mkuu Jim Harbaugh hakuwepo uwanjani kwa kuwa alikuwa amefungiwa. Wakashinda vivyo hivyo.

Sasa turudi 2024, maana hiyo ndiyo inayoniuma kikazi. Ohio State walikuwa nafasi ya pili nchini. Michigan walikuja Columbus wakiwa wameshinda sita na kupoteza tano, bila beki wao bora Will Johnson, bila Colston Loveland, mpokeaji wao tegemeo. Wenye kubeti waliwapa wenyeji ushindi wa kama pointi 20. Mrusha mpira wa Michigan alipata yadi 62 tu mchezo mzima! Kwa hesabu yoyote hiyo ni mechi ya kushinda.

Kitu pekee ambacho Michigan walikuwa nacho cha daraja la kwanza ni watu wawili katikati ya ulinzi: Mason Graham na Kenneth Grant. Grant ana karibu kilo 150 na anakimbia kama mtu wa kilo 90. Upande wa pili, mstari wa Ohio State ulikuwa na viraka: Josh Simmons aliumia goti Oktoba, na senta wao, yule anayeanzisha mchezo kwa kupitisha mpira nyuma, Seth McLaughlin, alipata jeraha la kisigino chini ya wiki mbili kabla ya dabi. Donovan Jackson, mtu wa ndani, alikuwa amehamishiwa pembeni kuziba pengo. Kocha yeyote wa mstari akitazama karatasi hiyo atasema: usipite katikati. Pembeni unaye Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye mabeki wawili hawamtoshi, unaye Emeka Egbuka. Rusha mpira.

Wao wakapita katikati. Mara 26 walikimbia na mpira, wakapata yadi 77. Smith mpira ulimfikia mara tano tu. Walikosa mikwaju miwili ya pointi tatu, pasi zao mbili zikanyakuliwa, na sekunde 45 kabla ya mwisho Michigan wakapiga mkwaju wao: 13-10. Walitaka kuthibitisha kwamba si laini. Miaka mitatu ya kuitwa laini ilikuwa imewaingia, na badala ya kucheza na Michigan iliyokuwa mbele yao, wakacheza na ile ya 2021 kwenye theluji.

Si mara ya kwanza. Kocha John Cooper alikaa Ohio State 1988 hadi 2000, akashinda dabi mbili tu kati ya 13, na sare moja. Mwaka 1995 alikwenda Ann Arbor hajafungwa na mtu. Kijana wa Michigan mzaliwa wa Kinshasa, Tshimanga Biakabutuka, akakimbia na mpira yadi 313 dhidi yake. Mwaka uliofuata, Columbus, tena hajafungwa, akaongoza 9-0 hadi mapumziko na kupoteza 13-9. Nikiiona 13-10 ya 2024 huwa naisoma kama marudio.

Wiki tatu baada ya kipigo hicho Ohio State waliikaribisha Tennessee katika mtoano. Kwenye mashambulizi yao ya kwanza mpira ulikwenda kwa Smith, tachidauni ya yadi 37. Wakashinda 42-17, kisha Oregon 41-21, Texas 28-14, na Januari 20, 2025 wakaifunga Notre Dame 34-23 na kuwa mabingwa wa nchi. Mstari ule ule wenye viraka. Kocha yule yule. Novemba 2025 walikwenda Ann Arbor wakashinda 27-9, mrusha mpira wao Julian Sayin akirusha tachidauni tatu, moja kwa Smith.

Tangu 1934, mchezaji wa Ohio State akiifunga Michigan hupewa kidani: suruali ndogo ya dhahabu, saizi ya ukucha wa kidole gumba. Ilitokana na kocha wa enzi hizo kusema Michigan nao huvaa suruali mguu mmoja mmoja kama watu wengine. Mwenzangu mmoja kazini anacho, amekitundika kwenye mkufu, na akiongea na vijana hukishika bila kujua. Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Egbuka na wenzao walioingia 2021 waliondoka na pete ya ubingwa wa nchi. Kidani hicho hawakukipata.