Kung'atwa na tarantula wa kufugwa: maswali na majibu

Ulaya na Marekani, kufuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, ni jambo la kawaida. Ndugu zetu walioko huko hukutana nao kwa jirani, kwa mwenzao wa chumba, au mtoto anaporudi nyumbani na ombi la kununuliwa mmoja. Maswali haya ndiyo yanayoulizwa zaidi.

Je, tarantula anaweza kumuua mtu?

Mpaka sasa hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kuwa kimesababishwa na sumu ya tarantula. Umbo lake linatisha kuliko sumu yake. Wanaosimulia habari za vifo mara nyingi wanamchanganya na Atrax robustus, buibui mweusi wa Sydney, Australia, ambaye rekodi zinaonyesha aliua watu 13 kabla dawa ya kuzima sumu yake haijapatikana mwaka 1981. Huyo si tarantula.

Ila asiyeua si kwamba hana madhara.

Kama haui, mbona wengine hukimbizwa hospitali?

Inategemea umeng'atwa na yupi. Zipo aina zaidi ya 1,000, na kitu cha kwanza cha kuuliza ni asili yake. Tarantula wengi wa Amerika, kama yule wa Chile anayeuzwa sana madukani, wana sumu hafifu: maumivu yake hukaribia ya nyuki, na baada ya siku moja au mbili yamekwisha. Wa Asia na Afrika ni habari nyingine. Hawana manyoya ya kuwasha ya kujikinga nayo, kwa hiyo wanategemea mbio na meno, na sumu yao ni kali zaidi.

Wanaoogopwa kuliko wote ni wa jamii ya Poecilotheria, wakaao mitini India na Sri Lanka. Ni wazuri mno kwa macho, na nadhani hapo ndipo tatizo linapoanza. Mmoja wao, Poecilotheria metallica, ana rangi ya buluu inayong'aa, na watu hununua rangi kabla ya kuuliza tabia.

Buibui wa jamii hii anapong'ata, mwanzoni panauma na kuvimba, kisha hali inatulia kidogo. Mtu anaenda kulala akijua yameisha. Baadaye, kwa wastani saa 10 hivi tangu ang'atwe, misuli inaanza kukaza: mashavu ya miguu, mapaja, mikono, mgongo, wakati mwingine hata kifua. Madaktari waliokusanya taarifa za walioumwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliona kwamba zaidi ya nusu walipatwa na kukaza huko kwa misuli. Kwa baadhi yao hali hiyo hutoweka na kurudi kwa siku kadhaa, hata wiki. Ndiyo maana aliyeng'atwa na buibui huyu haruhusiwi kujipongeza katika saa ya kwanza.

Nimesikia kuna mmoja anatoka kwetu Afrika Mashariki. Ni kweli?

Ni kweli. Anaitwa Pterinochilus murinus, na anaishi Tanzania, Kenya na nchi kadhaa za kusini mwa Afrika. Wafugaji wa ng'ambo wanampenda mwenye rangi ya chungwa, na wengi humwita kwa jina la Usambara. Bei yake ni ndogo na anazaana kwa urahisi, basi huishia mikononi mwa wanaoanza kufuga, watu ambao hawakupaswa kuanza naye. Hana subira hata kidogo. Akishtuka hunyanyua miguu ya mbele, hutoa meno nje, na anaweza kung'ata zaidi ya mara moja. Maumivu yake ni makali na yanawaka, mahali panavimba, na baadhi ya watu hukazwa misuli pia.

Kwa aliye nyumbani shambani, ushauri ni mfupi: shimo lenye utando mdomoni usilichokoe kwa kidole.

Sumu yenyewe inafanya nini mwilini?

Inaingilia vijilango vidogo vilivyo kwenye mishipa ya fahamu na misuli, vile vinavyopitisha chumvichumvi ili ujumbe usafiri. Vikibaki wazi au vikifungwa visivyo, neva inapiga kelele ya maumivu, au msuli unakaza bila kuamriwa.

Mwaka 2006 maabara ya mwanasayansi David Julius huko California ilionyesha kwamba sumu ya tarantula mmoja wa Trinidad inawasha kipokezi, yaani mojawapo ya vijilango hivyo, kilekile kinachowashwa na pilipili. Kwa hiyo mgonjwa akisema panawaka kama amepakwa pilipili, hatii chumvi. Julius alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi yake juu ya kipokezi hicho.

Basi nikichukua wa Amerika niko salama?

Kwa meno, karibu. Kwa macho, hapana. Tarantula wengi wa huko wana vinyweleo vyenye ncha na vishikizo tumboni, na wakihisi hatari huvirusha kwa kujikuna na miguu ya nyuma. Kwenye ngozi vinaleta muwasho na vipele. Ukivivuta kwa pua unakohoa na kupiga chafya. Vikiingia jichoni ndiyo shida kubwa. Mwaka 2009 madaktari wa Leeds, Uingereza, waliripoti habari ya kijana aliyekuwa akisafisha kasha la tarantula wake wa Chile. Jicho lilibaki jekundu kwa wiki tatu, na walipotazama kwa vifaa vyao walikuta vinyweleo vimechoma kioo cha jicho, vidogo kiasi cha kutong'oleka kwa kibano. Ikabidi atibiwe kwa matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe.

Vikikuingia jichoni usisugue. Suuza kwa maji mengi safi na uende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Vya kwenye ngozi vinanaswa kwa utepe wa gundi, kisha unaosha kwa sabuni.

Nina mbwa ndani. Kuna neno?

Lipo, na wafugaji wengi hawalijui. Watafiti wa Australia mwaka 2003 walichunguza matukio ya kung'atwa na tarantula wa huko: watu tisa walipona wote, lakini mbwa saba wote walikufa, tena upesi. Mbwa akinusa kasha lililo wazi, hatari iko kwake zaidi kuliko kwako.

Nimeng'atwa sasa hivi. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha buibui amefunikwa au amerudi kwenye kasha, asije akamng'ata mwingine. Osha jeraha kwa maji na sabuni. Vua pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, uinue mkono au mguu, na umeze parasetamoli. Usichanje, usinyonye sumu, usifunge kamba, wala usiweke lile jiwe jeusi la nyoka. Utaongeza kidonda bila kupunguza sumu.

Piga simu ya dharura mara moja ukishindwa kupumua vizuri, uso au ulimi ukivimba, ukizimia, au kifua kikibana. Mzio mkali ni nadra, lakini haungoji. Misuli ikianza kukaza, hata kesho yake, nenda hospitali.

Hospitali wana dawa ya kuzima sumu hiyo?

Kwa tarantula hakuna. Wanatibu dalili: dawa kali zaidi za maumivu, dayazepamu ya kulegeza misuli, na chanjo ya pepopunda kama yako imepitwa na wakati. Antibayotiki hazihitajiki mpaka jeraha lioneshe dalili za maambukizi. Nenda na jina la kisayansi la buibui wako au picha yake kwenye simu, maana madaktari wengi hawajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii. Usimpeleke buibui mwenyewe kwenye kopo.

Naweza kumfuga bila kung'atwa?

Ndiyo, kwa kutomshika. Sioni faida ya kumbeba mkononi: yeye hajui mapenzi, na akianguka tumbo lake hupasuka kirahisi akafa. Ajali nyingi hutokea wakati wa kulisha, kusafisha na kumhamisha. Tumia kibano kirefu kuondoa mabaki, na kopo lenye kadi ngumu ya kumfunika anapohamishwa. Kasha liwe na kufuli kama kuna watoto.

Halafu, ukimkuta amelala chali hatikisiki, usimguse kumjaribu kama amekufa. Tarantula akijivua gamba hulala hivyo kwa saa nyingi. Mwache kabisa, na usimpe chakula mpaka meno yake meupe yawe meusi tena.