Hakuna mtihani wa kuingia PP1

Shule zikikaribia kufunguliwa, ndani ya matatu ya Kayole, Nairobi, utamkuta mama akimkaririsha mtoto wa miaka minne: "Hesabu! Kumi na moja, kumi na mbili…" Mtoto anatazama nje dirishani. Mama ameambiwa kwamba mtoto asipopita intavyuu, chekechea ya umma haitamchukua PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea.

Si kweli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kumtahini mtoto ili kuamua kama itampokea. Ruhusa iliyopo ni kumpima ili awekwe darasa linalomfaa, basi. Na wa PP1 utampima nini? Huyo bado anashika penseli kama mwiko wa ugali, na kufunzwa kuishika ndiko kunakompeleka shule.

Nadhani hofu hii tumeiazima kutoka shule za kibinafsi, ambako intavyuu, na ada yake, ni jambo la kawaida. Mimi mwenyewe nilimkeshesha binti yangu na herufi wiki nzima. Siku ya kuandikishwa, mwalimu alimuuliza jina na kama anajua kwenda choo peke yake.

Kinachoangaliwa hasa ni umri: miaka minne kwa PP1, mitano kwa PP2. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa na kile kijitabu cha kliniki chenye chanjo. Ukilazimishiwa mtihani, uliza ofisi ya elimu ya kaunti. Tangu Katiba ya 2010, chekechea ni jukumu la kaunti.