Yungiyungi la buluu: panda panapotuama maji

Kona ya uwanja inayotuama maji masika nzima, wengi huifukia kwa kifusi. Kabla hujaagiza kifusi, fikiria yungiyungi la buluu, ua la asili la pwani hii ya Mombasa na Unguja (Nymphaea nouchali var. zanzibariensis). Usilichanganye na gugumaji: gugumaji huelea na mizizi yake, yungiyungi limejikita kwenye tope na jani lake la mviringo lina mpasuo.

Changamwe na Miritini udongo ni mfinyanzi, dimbwi hukaa lenyewe. Nyali na Likoni chini ni mchanga na matumbawe, maji hunywewa. Huko tumia pipa lililokatwa nusu au karai pana. Maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, yaache, kinga ya mvua.

Jaza udongo mfinyanzi mtupu kwenye beseni la kipenyo cha sentimita 40. Samadi usitie: huoza bila hewa, ikaozesha mizizi na kugeuza maji kijani. Kiazi chake kifukie huku chipukizi likichungulia. Kikizikwa chote huoza. Tandaza kokoto sentimita 2, kisha zamisha beseni sentimita 15 chini ya maji. Majani yakishaenea, shusha hadi 40.

Jua kali la muda wa saa sita kwa siku ndilo sharti lisilo na mjadala. Chini ya mwembe utapata majani tu.

Mbu? Tia samaki gapi wachache, lakini wasifike mtoni, si wa hapa. Perege hapana, watafukua tope na kula majani. Vidukari waoshe kwa maji. Dawa ya wadudu itaua samaki. Penye watoto wadogo, funika kwa wavu mgumu.

Ua lichungulie saa nne asubuhi. Siku ya kwanza katikati pana kijidimbwi cha majimaji: nyuki mwenye chavua huteleza humo, chavua ikaoshwa, na wengine hufa maji. Kesho yake majimaji yamekauka, ua ndilo linalotoa chavua. Alasiri hufumba.

Mbegu hukomaa tunda likiwa limezama. Lifunge mapema kwa kipande cha chandarua, maana likipasuka mbegu huelea, zikasambaa, kisha zikazama zisionekane. Zisie kwenye tope jembamba, maji yakizidi juu yake kwa sentimita 3. Na viazi vya madimbwi ya porini msiving'oe, chukueni mbegu.