Chokaa, mrututu na aina za mimenyuko ya kikemia

Wanafunzi wengi huja kwangu wamekwishakariri orodha: muungano, mtengano, uhamishaji, ubadilishanaji, mwako. Ukiwapa mlinganyo, wanahesabu vitu vilivyo kila upande na kutaja kundi. Alama za mtihani wanapata, ila kilichotokea ndani hawakijui. Ndiyo maana mimi huanza na chokaa.

Nyumba za kale za pwani yetu, Lamu hadi Kilwa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe hayohayo yaliyochomwa. Matumbawe ni kalsiamu kabonati. Joto likifika kama nyuzi 900 za Selsiasi, kaboni dioksidi hutoka na kuacha oksidi ya kalsiamu. Huo ni mtengano. Kilo 100 za kabonati safi hutoa kilo 56 tu za oksidi. Kilo 44 zimeondoka na hewa, kwa hiyo jiwe lililoiva huwa jepesi mkononi. Mmenyuko huu hula joto mwanzo hadi mwisho. Moto ukipungua mapema, kiini cha jiwe hubaki kibichi.

Sasa limwagie maji. Kilo 56 hunywa kilo 18 za maji na kuwa kilo 74 za hidroksidi ya kalsiamu: muungano, na mkali, maana joto lake laweza kuchemsha maji. Vaa miwani, chokaa ikikurukia jichoni si jambo la mzaha.

Ikishapakwa ukutani, orodha ya darasani huanza kuyumba. Hidroksidi hufyonza kaboni dioksidi ya hewani polepole, hurudi kuwa kabonati na kutoa maji. Viwili vimeingia, viwili vimetoka, basi si muungano. Mimi huuweka kwenye mimenyuko ya asidi na besi, kwa kuwa kaboni dioksidi ikiyeyuka majini huleta asidi hafifu, nayo hidroksidi ni besi.

Swali ninalolithamini kuliko majina yote ni hili: je, elektroni, zile chembe za atomu zenye chaji hasi, zimehama? Katika hatua hizo tatu hazikuhama. Kalsiamu ilikuwa na chaji ya +2 ndani ya jiwe, na ndiyo iliyo nayo ukutani. Zilizohama ni za kuni zilizowaka chini yake.

Mrututu, yaani salfati ya shaba, ni habari nyingine. Tumbukiza msumari wa chuma uliosuguliwa katika maji yake ya buluu, na punde utavaa shaba nyekundu. Kila atomu ya chuma imeipa ioni ya shaba (atomu ya shaba iliyopungukiwa elektroni) elektroni mbili, kisha yenyewe ikaingia majini. Huo ndio uhamishaji: chuma kimechukua nafasi ya shaba.

Viwili hivyo hukutana katika dawa ya Bordeaux, dawa ya ukungu ambayo Alexis Millardet aliitangaza Ufaransa mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu. Maji ya mrututu huchanganywa na chokaa iliyokorogwa: shaba hushika hidroksidi, kalsiamu hushika salfati. Ni ubadilishanaji mtupu, hakuna elektroni iliyohama. Lakini chokaa ikipungua, shaba inayobaki majini huunguza majani ya mmea. Kipimo cha tangu zamani ni kuchovya kisu au msumari safi wa chuma. Ukitoka na wekundu, ioni za shaba bado zimo. Ongeza chokaa, koroga, uchovye mwingine. Na ndoo iwe ya plastiki, kwani ya chuma itajipima yenyewe mpaka itoboke.