Fizikia ukiiacha kidato cha pili, ujue umefunga mlango gani

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka napigiwa simu mpaka chaji inaisha, na swali ni lilelile, "mwalimu, mwanangu ana divisheni three ya pointi 24, aende wapi?" Mimi kazi yangu ni ushauri wa masomo na ajira kwa wanafunzi wa sekondari, na divisheni huwa sina haja nayo sana, naomba nitumiwe somo mojamoja. Divisheni ni ya kujidai kwenye grupu la familia, vyuo vinaangalia masomo.

Chukua diploma ya utabibu. Sifa ya kuomba ni angalau D nne bila masomo ya dini, na humo lazima kuwe na kemia, baiolojia na fizikia. Kwa hiyo mwenye divisheni four aliyeambulia ka-D ka fizikia anaruhusiwa kuomba, ila mwenye divisheni two safi, C za historia, Kiswahili na jiografia, afu fizikia hakuifanya kabisa, huyo haombi. Na hakufeli popote! Aliiacha fizikia akiingia kidato cha tatu kwa sababu marafiki zake wote waliiacha, au shule haikuwa na mwalimu, na nyumbani hakuna aliyemuuliza. Ndo maana nikialikwa shuleni naomba nikae na kidato cha pili kwanza, wakuu wa shule wananishangaa, wao wanataka niongee na wanaomaliza.

Wanaomaliza nao wana Selform, ile fomu ya TAMISEMI ya kuchagua vyuo na kombi, yaani masomo matatu ya kusoma kidato cha tano na sita. Wanaijaza kabla ya mtihani, wengi kwa kuchungulia ya jirani, na wengi hawajui kwamba matokeo yakitoka kunakuwa na nafasi ya kubadilisha. PCB (fizikia, kemia na baiolojia) inapendwa kwa sababu mzazi akiitaja watu wanasikia daktari. Sasa piga hesabu ya mbele: digrii inataka principal mbili, yaani masomo mawili ya kidato cha sita uliyopata A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4, na E ni pointi 1, kwa hiyo ukitoka na E tatu za PCB huna digrii, unarudi kuomba diploma ileile ambayo mwenzako aliianza miaka miwili iliyopita na anakaribia kumaliza. Na huyo mwenzako akimaliza na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 anaweza kuomba udaktari, japo hapo watamrudisha tena kwenye cheti chake cha kidato cha nne, hicho cheti hakikuachi maisha yako yote.

Simaanishi kidato cha tano ni kibaya. Shule za serikali hazina ada tangu 2022, chuo kina ada, na kama mtoto ana B za sayansi mwache aende. Ila mwenye C za kubahatisha, anayepangiwa shule ambayo maabara ni chumba tu, mimi nasema diploma, na mzazi aache kuona aibu. Bodi ya mikopo nayo tangu 2023/24 inakopesha baadhi ya kozi za diploma, afya ikiwemo.

Ila bumu, huo mkopo wenyewe, linataka makaratasi, na hapa ndo watu wanakwama kuliko hata kwenye alama. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo. Sasa unakuta cheti kimeandikwa Hamisi, NECTA (baraza la mitihani) wana Khamis, na jina la babu lipo huku kule halipo, unaanza kutafuta wakili wa kiapo wiki ambayo dirisha la kuomba mkopo linafungwa. Miezi ile ya kukaa nyumbani baada ya mtihani wa Novemba ndo ya kulinganisha majina herufi kwa herufi. Na kama mzazi ameshafariki, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa hukohuko RITA, kwa hiyo kama hakikuwahi kuchukuliwa anza kukifuatilia sasa hivi, usingoje dirisha lifunguliwe.